Mwalimu, mbona uvuvi wa Petro haukutufikia?

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Bagamoyo na mume wangu ni mvuvi. Tuna mashua ya mashine tuliyoinunua kwa mkopo. Mwezi wa tatu mhubiri mmoja aliendesha mkesha, akatuambia kila mvuvi alete kipande cha wavu kitiwe mafuta, pamoja na sadaka ya mbegu ya shilingi 50,000, tupate uvuvi wa Petro wa Luka 5. Nikakopa kwenye kikoba nikatoa. Giza mbili zimepita, yaani vipindi viwili vya usiku usio na mbalamwezi, na mume wangu anarudi na dagaa wasiolipa hata mafuta ya mashine. Nilipouliza, nikajibiwa imani yetu ni ndogo. Mume wangu akasema, 'Kama ni imani, basi mimi sina,' na kanisani haendi tena. Muujiza ule una maana gani kwa watu kama sisi? Na kile kipande cha wavu nimekitundika juu ya mlango. Nikitupe? Naogopa."

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile la imani ndogo, maana naona linakuuma kuliko hata deni.

Fungua Luka sura ya 5, soma mstari wa 1 mpaka wa 11 polepole, ukilitafuta neno "imani". Hulioni. Litakuja mstari wa 20, kwa habari ya watu waliomteremsha mwenzao aliyepooza kutoka darini, lakini kwenye habari ya samaki halimo. Kilichomo ni jibu la mtu aliyechoka: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Lisikilize kwa sikio la pwani. Simoni, ndiye huyo Petro, hajapiga haleluya. Anaanza kwa kuutaja usiku mzima uliopotea, na wavuvi walikuwa wamekwisha kushuka chomboni, wanaosha nyavu. Wewe umeshasugua masufuria na kuzima moto, mtu anabisha hodi anakuambia bandika.

Tena agizo lenyewe lilikwenda kinyume na ufundi. Katika ziwa la Genesareti nyavu za zama zile zilikuwa za kitani, na samaki huziona mchana kweupe. Ndiyo maana watu walivua usiku, asubuhi wakaosha na kuanika. Sasa anatokea seremala wa Nazareti, kijiji cha vilimani, anamwambia mvuvi ashushe nyavu jua likiwa juu. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa ngalawa wa Tanga, na marehemu baba angecheka kwanza. Simoni hakucheka, ila hakushangilia pia. Alisema "lakini kwa neno lako," akaingia chomboni. Kama hiyo ni imani, na mimi naiita imani, basi ni ya mtu aliyelegea mikono, na ilitosha. Mumeo anayetoka kila giza na mashine inayokula mafuta kuliko samaki anaoleta, huyo naye anashusha nyavu. Sijui nani ana haki ya kuipima imani yake kwa ndoo.

Niruhusu jambo dogo la lugha, ni ugonjwa wa walimu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inaandika, "Tweka mpaka kilindini." Kutweka ni neno la mabaharia, la kupandisha tanga. Kiyunani, lugha aliyoandikia Luka, kinasema tu chombo kiende penye maji mengi. Tanga limetoka kwa watafsiri, na nawashukuru. Na pale Simoni anaposema "Bwana mkubwa", Luka ameandika epistata, neno ambalo katika Agano Jipya lote linapatikana kwake peke yake, lenye maana ya msimamizi, mkuu wa kazi. Ni kama baharia anavyomwambia tajiri mwenye chombo: ndiyo bwana mkubwa, sawa bwana mkubwa. Ukifika mstari wa 8, baada ya samaki, "mkubwa" imeondoka, imebaki "Bwana". Kwa Kiswahili cha mtaani ungedhani heshima imepungua. Kumbe Simoni ameacha kuzungumza na tajiri, anazungumza na Bwana yule anayeimbwa katika Zaburi.

Anamwambia nini? "Ondoka kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana."

Hapa, dada yangu, ndipo ninapotaka ukae. Tazama kilichotangulia na kilichofuata. Nyavu zilijaa kwanza, mpaka zikaanza kukatika, mpaka wakawapungia mikono washirika wao wa chombo cha pili, na vyombo vyote viwili vikataka kuzama. Ndipo mtu akaona dhambi zake. Hakuna aliyemwambia Simoni atubu ndipo apate, wala atoe ndipo apate. Yesu aliomba kitu kimoja tu asubuhi ile: chombo, akisogeze kidogo kutoka pwani, akae afundishe watu. Alikiomba kwa mtu ambaye siku hiyo hakuwa na senti ya samaki, akakirudisha kimejaa. Mkesha ule uliokwenda uliipindua habari hii miguu juu: lipa kwanza, amini kwanza, kisha usubiri, na usipopata ni kosa lako. Luka hakuiandika hivyo. Alichoandika ni neema inayomfikia mtu akiwa mikono mitupu na kumwacha anatetemeka.

Mwaka 1986 ukame uliposhusha maji ya ziwa lile, chombo cha mbao cha karne ya kwanza kilionekana kwenye matope ya ufuko. Urefu wake ni mita 8 na ushei, upana mita 2 na ushei, si mbali na mashua zetu ndogo. Kinachonigusa ni viraka. Mwenye chombo alikuwa akiunga mbao za kila aina, chochote alichokiokota, kukiweka majini mwaka mmoja zaidi. Huo ndio ulimwengu wa Simoni: viraka na kalafati, na mtoza ushuru "ameketi forodhani", kama Luka anavyosema mstari wa 27 wa sura hiyohiyo. Wewe unayenunua samaki wako pale forodhani penyewe huhitaji mwalimu wa kukueleza hilo.

Sasa, samaki wale walikwenda wapi?

Watu wakisimulia muujiza huu huishia kwenye vyombo vinavyotaka kuzama, wakasema amina. Luka anaishia kwingine: "Hata walipokwisha kuviegesha pwani vyombo vyao, wakaacha vyote wakamfuata." Uvuvi mkubwa kuliko wote wa maisha yao waliuacha ufukoni, unameta juani. Mhubiri anayekuahidi uvuvi wa Petro anapaswa akuambie na hilo, kwamba Petro hakuuza hata mmoja. Kama maana ya muujiza ingekuwa mtaji, basi Petro ndiye mfanyabiashara mjinga kuliko wote katika Biblia. Samaki walikuwa ishara, na wale watu walitambua kuwa aliyewaita samaki amesimama mbele yao, basi wakamshika yeye.

Najua unachofikiri, maana na mama yangu aliuza samaki. Je, familia? Luka hasemi nani aliwabeba samaki wale sokoni. Lakini Marko anatuambia mzee Zebedayo, baba wa washirika wa Simoni, alibaki chomboni pamoja na watu wa mshahara, kwa hiyo sidhani waliozea pale. Na mke wa Petro hakutupwa. Paulo anamtaja katika 1 Wakorintho 9:5, kwamba Kefa, yaani Petro, alikuwa akisafiri na mkewe. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Ila usiruhusu mtu akufundishe kwamba kuacha vyote ni kumwachia mwanamke deni la kikoba.

Kisha kuna neno ambalo katika mji huu haliwezi kupitwa hivihivi. Yesu anamwambia Simoni, "Usiogope, tangu sasa utakuwa ukivua watu." Kwingine ni maneno ya kupamba mahubiri. Bagamoyo watu walivuliwa kweli. Walitoka bara na misafara, shingo zimefungwa, wakafika ufuko huuhuu mumeo anapoegesha, wakapakiwa majahazi kwenda Unguja, mpaka soko la watumwa la kule lilipofungwa mwaka 1873. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, walipojenga hapa mwaka 1868, waliojaa kwao walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto wengi wakiwa ndani yake. Wakristo wa kwanza wa mji wetu walijua kuvuliwa ni nini. Nimewahi kujiuliza walisikiaje mstari huu uliposomwa kanisani.

Kiyunani kinasaidia. Neno alilotumia Luka hapo ni tofauti na lile la kuvua samaki. Ni zogreo: kumkamata mtu akiwa hai, kumwachia uhai wake. Katika Agano la Kale la Kiyunani ndilo linalotumika kwa Rahabu, aliyeomba nyumba yake ihifadhiwe hai Yeriko utakapoanguka, na ikahifadhiwa. Samaki akitoka majini anakufa. Mtu anayevuliwa na Kristo anatoka majini kuja kuishi. Bahari katika Biblia mara nyingi ni mahali pa kutisha, pa mauti, kwa hiyo picha ni ya kumvuta mtu anayezama. Tangu nilipolielewa hilo, nimekuwa na kipimo kimoja cha mhubiri yeyote anayejiita mvuvi wa watu: waliovuliwa naye wanapumua vizuri zaidi, au wanatapatapa kama vibua sakafuni? Wewe umetoka mkesha ule na deni, hofu juu ya mlango, na mume aliyeacha kusali. Hukumu ni yako.

Unaniuliza, basi samaki si kitu? Kitoweo cha watoto kwa Mungu si kitu? La hasha. Ndiyo sababu nataka usome na Yohana 21 kabla hujalala.

Yesu amefufuka. Wanafunzi wako kando ya ziwa, hawajui la kufanya, Petro anasema, "Naenda kuvua samaki." Wenzake wanakwenda naye. "Ila usiku ule hawakupata kitu." Hebu simama hapo kidogo. Huyu ni Petro yuleyule wa vyombo viwili vilivyotaka kuzama. Ameacha vyote, ametembea na Bwana, ameliona kaburi tupu, na bado anatoka usiku kucha anarudi patupu. Kama muujiza wa Luka ungekuwa hati ya kupata samaki, muda wake ungekuwa umekwisha kwa mwenyewe Petro. Usiku mtupu haukuwa ushahidi dhidi yake. Yohana hautolei hata sababu.

Asubuhi mtu amesimama pwani, hawamjui, anauliza swali ambalo kila mama wa pwani amewahi kuulizwa: "Wanangu, mna kitoweo?" Wakamjibu, La. Nimesoma maandiko kwa miaka mingi na bado napenda kwamba aliyeshinda mauti, alipokutana na wavuvi, alianzia kwenye kitoweo. Wanatupa jarife upande wa kuume, linajaa: samaki wakubwa 153. Kwa hesabu ya wazee wetu, korija moja ikiwa ishirini, ni korija saba na kumi na watatu juu. Wataalamu wameihangaikia namba hiyo. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alionyesha kwamba ukijumlisha moja mpaka kumi na saba unapata 153, akaona humo amri kumi na vipaji saba vya Roho. Mimi naona tu kwamba wavuvi walihesabu, maana penye mgao lazima kuhesabu. Lakini Augustino huyohuyo alisema jambo moja ninaloliafiki: katika Luka nyavu zilianza kukatika, hapa jarife halikupasuka, kwani la kwanza ni Kanisa la sasa, limejaa wema na wabaya, lina matundu, na la pili ni Kanisa la mwisho. Ulikutana na tundu, dada yangu. Jarife la mwisho bado halijavutwa pwani.

Jambo la ndani zaidi liko kwenye moto. Waliposhuka, wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Samaki wa nani? Wao ndio kwanza wanavuta jarife. Alikwisha kuwa na samaki kabla yao, anawaambia walete na wao baadhi ya waliovua, ichanganywe. Na neno hilo la Kiyunani, moto wa makaa, katika Agano Jipya lipo mara mbili tu: hapa, na kwenye ua wa kuhani mkuu, pale Petro alipokuwa akiota moto na kusema, "Si mimi." Yesu hakumkumbusha Petro kwa maneno jinsi alivyomkana. Alikoka makaa, akaoka samaki, akasema, "Njoni mfungue kinywa." Mazungumzo ya kupenda na kulisha kondoo yalikuja baada ya kula.

Ukiniuliza maana ya muujiza kwa Mkristo wa leo ni nini, naishika hapo: yupo mtu pwani asubuhi, wavu ukija na kitu au usipokuja, na ameshakoka moto. Mara nyingine anajaza jarife. Mimi sikatai, nimeona riziki zikija ambazo sina maelezo yake. Lakini hakuna mafuta yanayomlazimisha, na hakuna sadaka inayomnunua. Sala aliyotufundisha ni "Utupe leo riziki yetu." Imbeni hiyo, wewe na watoto, bila aibu, hata kwa kutaja dagaa kwa jina.

Mengine niyapitie haraka, maana mumeo anayajua kuliko mimi. Mwezi wa tatu kaskazi inakata, masika yanaingia, kusi inaanza kuvuma, na bahari inachafuka. Mtu anayetoka bara akiahidi samaki wengi msimu huo angeuliza wazee kwanza. Tena kuna baruti, kuna juya, wavu wa kukokota, linalozoa mpaka vichanga, kuna vyombo vingi kuliko zamani. Na mabaharia wa mumeo, kama walivyo wengi mjini kwetu, bila shaka wamo Waislamu, nao mgao wao ni uleule kutoka wavu uleule. Samaki hawamuulizi nahodha dini yake. Bwana mwenyewe alisema Baba huwaangazia jua lake waovu na wema.

Kuhusu pesa: usikope tena ili utoe sadaka. Sadaka ni ya kilichopo. Kaa na wanakikundi wako, waeleze ukweli, waombe mpange upya marejesho. Aibu hiyo ni ya siku moja.

Kuhusu mume wako. Alisema, "Kama ni imani, basi mimi sina." Umenieleza kwa uchungu, kana kwamba amekufuru. Rudia mstari wa 8 wa Luka 5. Petro alisema jambo linalokaribiana mno na hilo: ondoka kwangu, mimi sifai. Yesu hakuondoka, wala hakumjibu kwa hoja. Kwa hiyo usimvute kanisani kwa mkono, na usimsomee barua yangu hii ndefu. Asubuhi akirudi, samaki wawepo wasiwepo, mkute pwani na chai na kile kitafunwa anachokipenda, ule naye palepale kwenye kivuli cha chombo. Akitaka kusema, asikilizwe.

Na kipande cha wavu. Usikitupe kwa hofu, wala usikiache mlangoni, maana pale mlangoni kinakudai. Hakina baraka ya kupotea wala laana ya kukufuata. Ni nailoni iliyopakwa mafuta. Kishushe, kifue kwa sabuni, umpe mumeo siku anaposhona nyavu. Lazima kuna mahali jiwe limekata, na kipande cha kiasi hicho kinatosha kuunga tundu.